Je, nikitafsiri maneno ya mwandishi kwa Kiswahili, hayo si tayari maneno yangu?

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Wanajukwaa, kamwene. Kwa walimu na wakubwa zangu, shikamooni.

Ninasoma mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja hapa Iringa, masomo yangu yakiwa Kiswahili na Historia, na ripoti yangu ya utafiti inahusu simulizi ambazo wazee wa Kalenga na vijiji vya jirani husimulia kuhusu Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani. Ripoti yenyewe inaandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, karibu vitabu vyote nilivyovipata maktabani ni vya Kiingereza, na wazee niliowahoji walizungumza Kihehe wakikichanganya na Kiswahili, kwa hiyo hakuna hata chanzo kimoja ninachoweza kukihamisha kilivyo bila kukigusa.

Wiki iliyopita msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko. Nilikuwa na amani kabisa, kwa sababu programu ya kupima ufanano wa maandishi ilikuwa imetoa asilimia 6 tu. Kumbe pembezoni mwa ukurasa wa 14 alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Haya ni ya nani?" Nilipokwenda ofisini kwake alitoa kitabu kimoja cha Kiingereza kwenye rafu, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma polepole huku akinitaka nifuatilie kwenye karatasi yangu. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa sentensi yangu ya kwanza, ya pili ikawa ya pili, na mpaka mkato ulikuwa umekaa palepale. Jina la mwandishi na mwaka nilikuwa nimeviweka kwenye mabano mwishoni mwa aya ya tatu, nikidhani vinatosha kwa aya zote tatu. Akaniambia kwamba mabano ya aya ya tatu hayalipi deni la aya ya kwanza.

Sikubishana naye, lakini kwa kweli sikuelewa. Kila neno lililomo katika aya zile nimelitafuta mwenyewe, usiku, kamusi ikiwa pembeni, na yapo yaliyonichukua nusu saa. Inakuwaje yasiwe maneno yangu? Tena tulipokuwa sekondari tulifundishwa usemi halisi na usemi wa taarifa: unaondoa alama za mtajo, unaweka "kwamba", "mimi" inakuwa "yeye", "leo" inakuwa "siku ile", basi. Nilidhani tofauti ya kunukuu na kueleza kwa maneno yako ndiyo hiyohiyo.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa mfano, si kwa kanuni peke yake, maana kanuni za chuo ninazo na nimezisoma mara mbili. Pia naomba kujua wazee wangu niwanukuu vipi. Sura inatakiwa irudi baada ya siku kumi.

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Marahaba, mwanangu. Nilisimamia ripoti za wanafunzi kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Rungwe kuangalia miparachichi yangu, na kosa lako nimeliona mara nyingi kuliko kosa jingine lolote. Kwa kawaida halitokani na wizi. Linatokana na bidii iliyoelekezwa pasipostahili. Ulichokifanya ni kazi ya mtarjumani, kazi halali na ngumu, ila mtarjumani haweki jina lake mahali pa jina la mwandishi. Katika aya zako lugha ndiyo iliyobadilika. Hoja, mpangilio wake, mifano iliyochaguliwa, kipi kitangulie na kipi kifuate, vyote vimebaki vya mwenyewe. Ndiyo maana msimamizi wako aliweza kusoma Kiingereza chake juu ya Kiswahili chako kama mtu anayelinganisha nakala mbili za hati ya shamba. Programu haikuona kitu kwa sababu inalinganisha herufi kwa herufi, na Kiswahili chako hakikuwahi kuandikwa na mtu mwingine. Usiitegemee ikuambie kama umeandika kwa uaminifu.

Usemi wa taarifa nao ni sarufi tu. Ukiandika kwamba mwandishi alisema kwamba jambo fulani lilitokea, kisha ukayafuata maneno yake moja baada ya jingine, umeondoa alama za mtajo na kubakisha mtajo wenyewe.

Umeomba mfano. Ili nisimsingizie mtu, nimetunga sentensi moja mwenyewe, nasi tuichukulie kuwa imo katika kitabu ulichosoma:

"Baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, Mkwawa hakusalimu amri, bali aliendelea kupigana kwa kuvizia kwa takribani miaka minne, akitegemea chakula na habari alizopewa na watu wake, hadi alipojiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai."

Mwanafunzi wa kwanza anaandika hivi: "Baada ya boma la Kalenga kutekwa mwaka 1894, Mkwawa hakujisalimisha, ila aliendelea kupambana kwa kushtukiza kwa karibu miaka minne, akitegemea mlo na taarifa alizopatiwa na raia wake, mpaka alipojitoa uhai Julai 1898 ili asitiwe mbaroni angali mzima."

Hii ni nguo ileile, viraka tu ndivyo vipya. Tena visawe vina kawaida ya kumuumbua anayevitumia bila kuvijua. Mlo si chakula cha kubebwa porini, ni chakula ambacho watu huketi wakala. "Raia" inaleta picha ya dola ya leo yenye vitambulisho. "Kutiwa mbaroni" ni lugha ya taarifa ya polisi, na sidhani kama askari wa Kijerumani wa mwaka 1898 wangejitambua humo. Kwa hiyo mwanafunzi huyu amepata hasara mbili: hajaandika chake, na cha mwenzake amekiharibu.

Mwanafunzi wa pili alisoma, akafunga kitabu, akajiuliza sentensi ile anaihitaji kwa kazi gani katika sura yake, ndipo akaandika: "Kuanguka kwa Kalenga hakukuwa mwisho wa vita. Kwa mujibu wa mwandishi huyu (jina, mwaka, ukurasa), kilichomwezesha Mkwawa kukaa porini hadi Julai 1898 ni watu waliomlisha na kumpasha habari. Kwa sababu hiyo simulizi zinazowataja watu hao nitazisoma kama sehemu ya historia ya vita yenyewe, si kama mapambo yake."

Angalia jina lilipokaa. Limetangulia hoja, ili msomaji ajue mapema anayesema ni nani, na kuanzia "Kwa sababu hiyo" sauti inakuwa ya mwanafunzi. Mtu anaweza kuchukua penseli akachora mstari mahali mwandishi anapoishia na mwanafunzi anapoanzia. Katika aya zako tatu, mwanangu, mstari huo ungechorwa wapi?

Sasa nije kwenye nukuu ya moja kwa moja. Hiyo itumie pale ambapo maneno yenyewe ndiyo ushahidi, kiasi kwamba ukiyabadilisha kuna kitu kinapotea. Kwa mada yako upo mfano ambao sidhani utaukwepa, nao ni Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, ambamo, katikati ya mambo ya fidia za Vita Kuu ya Kwanza, kuna sentensi inayohusu fuvu la mtu wa Kalenga. Kwa tafsiri yangu inasema: "Katika muda huohuo, Ujerumani itaikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililoondolewa katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani."

Kwanza, tazama neno "Sultani". Ninyi watu wa Iringa mnamwita Mtwa. Ndani ya alama za mtajo huna ruhusa ya kuwarekebisha walioandika mkataba, hata kama inakuuma, kwa sababu namna walivyomwita ni sehemu ya ushahidi wako. Nje ya alama hizo, unapoeleza kwa maneno yako, mwite Mtwa na usimwombe mtu radhi.

Kisha tazama "katika muda huohuo". Muda upi? Jibu limo katika sentensi inayotangulia, nayo inahusu jambo jingine kabisa, yaani msahafu wa Khalifa Uthman uliotakiwa kurudishwa kwa Mfalme wa Hijazi ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Ukiinukuu sentensi ya Mkwawa peke yake, msomaji wako anabaki na muda asioujua mwanzo wake. Hapo ndipo tunapotumia mabano ya mraba: "Katika muda huohuo [wa miezi sita tangu mkataba uanze kutumika], Ujerumani itaikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa…" Mabano hayo yanamjulisha msomaji kwamba kilichomo ni chako, na nukta tatu zinamjulisha kwamba kuna kilichoachwa. Ukiacha kitu kinachogeuza maana, nukta tatu hazitakutetea.

Jambo la mwisho kwa leo, maana mvua inakuja na huku kwetu ikianza haina haraka ya kukatika. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920, kwa hiyo muda uliotajwa ulikwisha Julai mwaka huohuo, lakini fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining. Hesabu hiyo ya miaka zaidi ya 30 haimo katika mkataba, nawe ukiichanganya humo utakuwa umewasingizia watu wa mwaka 1919 jambo ambalo wasingeweza kulijua.

Binti wa Makambako

Mdogo wangu, pole. Mwalimu ameeleza vizuri namna ya kuandika, mimi naomba niseme kidogo kuhusu daftari, kwa sababu kosa langu lilianzia humo miezi kadhaa kabla sijaanza kuandika chochote.

Nilipokuwa nakusanya maandiko nilitumia daftari moja la kurasa 96, na kila nilichokiona kizuri nilikiandika humo: sentensi za vitabu, mawazo yangu, mambo aliyosema mhadhiri darasani, vyote vikifuatana bila alama yoyote. Kisha nikaenda mazoezi ya kufundisha. Niliporudi na kulifungua daftari, nilikuta sentensi moja nzuri mno kuhusu wanawake na biashara ya viazi, nikafurahi kwamba niliwahi kuwaza hivyo, nikaiweka katika hitimisho. Msimamizi aliponiuliza nimeitoa wapi nilimwambia, nikiwa na uhakika wote, kwamba ni yangu. Ilikuwa ya kitabu cha pili katika orodha yangu ya marejeleo. Aibu ile siisahau, kwa sababu sikuwa nimedanganya na bado sikuwa na namna yoyote ya kuonyesha kwamba sikudanganya.

Tangu hapo kurasa za kushoto za daftari ni za mwandishi, yaani maneno yake ndani ya alama za mtajo na namba ya ukurasa iliyoandikwa kabla sijahamia mstari unaofuata, na kurasa za kulia ni zangu. Kwa chanzo cha Kiingereza naandika Kiingereza chenyewe kushoto, na sikitafsiri siku hiyo. Nikirudi baada ya siku mbili tatu nasoma kushoto, nafunika kwa kiganja, kisha naandika kulia kama ninavyomsimulia mama yangu, ambaye hakusoma kitabu hicho wala hana mpango wa kukisoma. Halafu nafunua na kulinganisha. Nikikuta maneno manne matano yamefuatana vilevile, ama nayawekea alama za mtajo au nayaacha.

Na tahadhari moja ambayo haimo katika kanuni za chuo chochote: kama unachapiwa kazi steshonari, soma chapa ya mwisho wewe mwenyewe, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Kijana aliyenichapia aliondoa alama za mtajo katika sura nzima na kuziunganisha nukuu ndefu na aya zangu, kisha akanieleza kwa upole kabisa kwamba alama zile zilikuwa zinachafua ukurasa na kwamba hanidai chochote kwa usafi huo.

Mkutubi (Uyole)

Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuongeza machache, na katika sehemu moja naomba nitofautiane nawe kidogo.

Mwanafunzi hajasema chuo chake kinatumia mtindo gani wa marejeleo, na hilo si dogo. Mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao vyuo vyetu vingi vimeupokea, unasema kwamba kifungu ulichokitafsiri mwenyewe kinahesabiwa kuwa maelezo kwa maneno yako, hivyo hakiwekewi alama za mtajo. Alama hizo zinabaki kwa tafsiri iliyokwisha kuchapishwa, ambayo unainukuu jinsi ilivyo. Mitindo mingine inakuruhusu kuweka tafsiri yako ndani ya alama na kuandika kwenye mabano "tafsiri yangu", kama Mwalimu alivyofanya kwa Ibara ya 246. Kwa hiyo, dada, ulipodhani kwamba tafsiri yako si nukuu ya moja kwa moja, hukuwa umeota. Kuna watu wenye mamlaka wanaosema hivyohivyo. Kilichokuponza ni kwamba hata kwao chanzo hutajwa palepale mawazo yanapoanza kutumika, na kwamba sura ya mapitio haiwezi kuwa mfululizo wa tafsiri, iwe na alama au isiwe nazo.

Kuhusu urefu wa nukuu, mitindo haifanani. APA inataka nukuu yenye maneno 40 au zaidi isimame peke yake, ikiingizwa ndani kutoka ukingoni, bila alama za mtajo. Chicago inaanzia kwenye maneno 100 hivi, na MLA inaangalia kama nathari imezidi mistari minne. Chagua kimoja, yaani kile cha chuo chako, na usichanganye. Ila nikiona nukuu tatu ndefu katika ukurasa mmoja huwa najiuliza mwandishi mwenyewe amekwenda wapi.

Jambo jingine linahusu mkataba. Kama Ibara ya 246 uliiona ndani ya kitabu cha mtu mwingine, usiandike kana kwamba uliusoma mkataba wote. Andika kwamba umenukuliwa katika kitabu hicho, na marejeleoni uweke kitabu ulichokishika. Lakini kwa hati hii sioni sababu ya kupitia mlango wa nyuma, kwa kuwa matini yake inapatikana kwenye intaneti, na matini za Kifaransa na Kiingereza zote mbili zilitambuliwa kuwa halali sawa. Ukiitafsiri, sema umetafsiri kutoka ipi.

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Marahaba, umenishika, na ndaga, yaani asante. Mimi nililelewa katika mitindo ya zamani na alama za mtajo nazimwaga kama chumvi. Afuate chuo chake. Ninalolishikilia ni kwamba kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili huku akisoma kwa Kiingereza, ni salama zaidi kuihesabu tafsiri ya neno kwa neno kuwa mali ya mwenyewe, kisha aamue aiwekee alama gani.

Mtafiti wa Simulizi (Njombe)

Naona suala la wazee limesahaulika, na kwangu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kitabu kikinukuliwa vibaya kitaendelea kukaa rafuni, lakini mzee atasomewa ripoti na mjukuu wake.

Swali la kwanza ambalo ningekuuliza ni hili: Kihehe ulichokisikia kilitafsiriwa na nani? Kama ni wewe, sema hivyo katika sura ya mbinu. Kama alikuwepo kijana wa pale nyumbani aliyekuwa anakufasiria, basi maneno uliyoyaandika ni ya kijana huyo akieleza ya mzee, na msomaji anastahili kulijua hilo. Pale ambapo usemi wenyewe una uzito, kwa mfano jina la sifa, wimbo au kauli iliyotolewa vitani, weka Kihehe chake kwanza kama kilivyorekodiwa, kisha Kiswahili chini yake. Ukiweka Kiswahili peke yake, umechukua kitu ambacho mtu mwingine hataweza kukihakiki.

Pili, wazee wana namna yao ya kutaja vyanzo, na sisi wasomi ndio tunaozifuta. Mzee anasema: "Hili niliambiwa na baba yangu, naye aliambiwa na shangazi yake aliyekuwepo." Mwanafunzi anaandika: "Mzee alisema kwamba…" na kuruka moja kwa moja kwenye tukio. Ule mnyororo wa waliopokezana ndio mabano ya mzee. Yeye amefanya kazi ya urejeleaji ambayo wewe ulifeli katika sura ya pili, halafu unamkatia! Uache ubaki, hata kama unarefusha sentensi.

Tatu, angalia vitenzi unavyovitumia kuingiza maneno ya watu. Nimesoma ripoti ambamo maprofesa wote "wanaeleza" na "wanabainisha", lakini wazee wote "wanadai". Kudai ni kusema jambo ambalo msikilizaji hajaamua kuliamini, kwa hiyo mwanafunzi yule alikuwa ametoa hukumu bila kujua kwamba ametoa. "Anakiri" nayo inamfanya mtu aonekane alikuwa anaficha kitu. Ukikosa uhakika, "anasema" inatosha, wala haichoshi kama tunavyodhani.

Kuhusu majina, fuata walichokubali siku ya mahojiano. Aliyekubali kutajwa, mtaje. Asiyekubali, mpe namba, pamoja na kijiji na tarehe ya mazungumzo. Katika APA, watu uliowahoji kama washiriki wa utafiti wako hawaingii katika orodha ya marejeleo, kwa kuwa maneno yao ni data yako, hivyo usihangaike kuwatafutia mwaka wa kuchapishwa.

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Nawashukuru wote. Nimekaa na sura ile tangu juzi. Aya tatu zimekuwa aya moja na nusu, jambo lililonitisha mwanzoni, mpaka nilipogundua kwamba zile sentensi nyingine sikuwa nazihitaji kabisa; nilizitafsiri kwa sababu zilikuwepo. Na Mtafiti, umenikamata: nimehesabu "anadai" 11 katika sura ya nne, zote za wazee.

Naomba mnisomee sentensi hii, ambayo nimeiandika kitabu kikiwa kimefungwa:

"Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi sita, lakini fuvu hilo halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954 (Mkataba wa Versailles, 1919, Ibara ya 246)."

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Lugha ni yako sasa, inasikika. Lakini soma tena ulipoyaweka mabano. Yamekaa baada ya mwaka 1954, kwa hiyo hati ya mwaka 1919 imetabiri jambo lililotokea miaka 35 baadaye. Yahamishe yafuate "miezi sita", kabla ya mkato. Kisha hiyo nusu ya pili ya sentensi inabaki bila mwenyewe, na itabidi umtafutie.

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Nimeyahamisha. Kwa ule mwaka 1954 nikutaje wewe, Mwalimu?

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Mimi ni mzee wa jukwaani asiye na jina wala ukurasa. Usinitaje, katafute.

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Nilipokuwa makumbusho ya Kalenga nilipiga picha maelezo yaliyobandikwa pale kuhusu kurudi kwa fuvu. Yanakubalika kama chanzo?

Mkutubi (Uyole)

Yanakubalika, mradi utaje makumbusho, mahali yalipo na tarehe uliyoyasoma. Ila msimamizi wako atapenda kuona na kitabu kilichochapishwa kando yake, na humo maktabani kwenu hakitakosekana. Maelezo hayo yameandikwa kwa lugha gani, na una maneno yote?

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Nimeifungua picha sasa hivi. Mstari wa mwisho umefunikwa na kivuli cha kidole changu. Jumamosi napanda daladala nikaunakili upya kwa mkono, ukurasa wa kushoto.